Siku mama watoto alipoijaribu bekapu

Jana usiku mpwa wangu kaniandikia: "Mjomba, shikamoo. Programu ya bekapu, kati ya Veeam, restic na Proxmox Backup Server nichukue ipi?" Kanunua kompyuta ndogo ya mtumba, kaweka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa ndani ya kompyuta moja), na video alizoangalia zimeshamvuruga. Nikaanza kumwandalia jedwali la kulinganisha. Nikalifuta, maana kilichoamua kwetu mwaka 2023 hakimo kwenye jedwali lolote.

Mashine pepe zilikuwa mbili za maana: 101, Windows yenye vitabu vya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na 102, Debian yenye hifadhidata ya PostgreSQL na picha za familia. Zote juu ya SSD moja ya TB 1. Wanakikundi walikuwa wameanza kumuuliza mama watoto, ambaye ndiye mweka hazina, hesabu zikipotea itakuwaje. Swali akalileta nyumbani na nyongeza yake: "Na wewe ukiwa safarini?" Tukakubaliana Jumamosi arudishe yeye, mimi nikae pembeni bila kugusa kitu.

vzdump, bekapu iliyomo ndani ya Proxmox, peke yake kwenye diski ya USB ilitoka mapema. Haina gharama wala ugumu, ila kila usiku inaandika mashine nzima upya. GB 40 za data, hata zikibanwa kwa zstd, ukitaka kubaki na siku saba za mashine mbili diski inajaa kabla hujafikiria nakala za mwezi. Veeam ya bure inaruhusu mashine 10, inatosha nyumba yoyote, lakini seva yake ilitaka Windows ya kukalia, na wakati ule ilikuwa bado haiitambui Proxmox (imeanza 2024), kwa hiyo ilibidi wakala wake, programu ndogo, awekwe ndani ya kila mashine.

restic naipenda mpaka leo. Ni faili moja tu la programu, inafunga data kwa ufunguo upende usipende, tangu toleo 0.14 inabana pia, na inapeleka mzigo popote, kwenye seva nyingine (SFTP) au hifadhi ya mtandaoni (S3). Tatizo ni kwamba inachukua mafaili, haichukui mashine. Kurudisha ni kuweka mfumo kwanza, kisha programu, ndipo mafaili. Mama watoto akaandika amri niliyomwachia kwenye karatasi, ikamwomba nywila, akaanza kubonyeza, herufi hazionekani. Akainua kompyuta, akaitazama kwa chini. "Kibodi imekufa?" Nikanyamaza kama tulivyokubaliana. Akaiweka, akasema twende inayofuata.

Inayofuata ilikuwa Proxmox Backup Server, kwenye kompyuta ya pili, ile ndogo, yenye diski ya kuzunguka ya TB 2. Hapa alifungua kivinjari, akaingia mlango (port) 8006 wa Proxmox yenyewe, akabonyeza hifadhi, na orodha ya tarehe ikamjia mbele. Tarehe anazijua. Akachagua ya Alhamisi usiku, siku ya mkutano, akabonyeza Restore. Kidirisha kikamuuliza namba ya mashine. "Hii inataka namba gani?" Karatasi ilisema 901, isije ikaangukia juu ya 101 iliyo hai. Ilisema pia aweke tiki kwenye Unique, nakala ipate anwani mpya ya kadi ya mtandao, na asiweke tiki ya kuiwasha yenyewe. Kabla ya kuwasha akaingia kwenye kadi ya mtandao, akachagua Disconnect. Windows mbili zenye jina moja na IP moja kwenye nyumba moja zitagombana, na utakayemlaumu ni bekapu isiyo na kosa.

Asilimia zikaanza kupanda. GB 40, waya wa gigabiti, diski ya kuzunguka: kama robo saa. Akaenda kugeuza maharage akarudi. Windows ikawaka, akafungua kitabu, akashuka moja kwa moja kwenye ukurasa wa hisa, kidole kikigusa kioo, jina kwa jina, mpaka mstari wa mwisho wa Alhamisi. Akaenda na mfuko wa jamii, akajumlisha kwa simu. Zikalingana. Hakusema kitu, akavuta kiti karibu zaidi.

Kisha: "Na wakiiba hii kubwa, ikabaki ile ndogo?"

Hilo nililitarajia. Nikamletea kompyuta ya tatu yenye Proxmox mpya. Akaongeza hifadhi: anwani, jina la ghala, jina la mtumiaji, nywila, alama ya kidole ya cheti (fingerprint, ya kuitambua seva). Orodha ikatokea, tarehe zote zipo, kila moja na kufuli pembeni, maana nakala zimefungwa kwa ufunguo. Akabonyeza Restore, ikakataa. Ufunguo wa kufungulia hukaa kwenye ile kubwa, ndani ya /etc/pve/priv/storage, yaani umeondoka na mwizi. Ndipo nikampa karatasi niliyoichapisha kwa amri ya paperkey: mistari ya maandishi na msimbo wa QR. Akaupiga kwa simu, maandishi akayapeleka kwenye kompyuta, akayapakia sehemu ya Encryption, kufuli zikakubali. Angeyaandika kwa mkono, herufi moja ikikosewa ufunguo haufungui.

Hapo programu ikawa imechaguliwa. Mengine niliyomwandikia mpwa ni ya kawaida, ila ndiyo yanayokwamisha watu. Weka qemu-guest-agent, programu ndogo ya kuwasiliana na Proxmox, ndani ya kila mashine, uiruhusu pia kwenye Options, ili mafaili yagandishwe sekunde chache wakati nakala inaanza. Na PostgreSQL ifanyie pg_dump, nakala yake yenyewe ya hifadhidata, pembeni hata hivyo. Washa discard kwenye diski ya mashine na fstrim ndani yake, ili nafasi iliyoachwa ijulikane, la sivyo utabeba takataka za mafaili uliyokwishafuta. Acha nakala za siku 7, wiki 4, miezi 6. Ukipunguza nakala usishangae diski haipungui palepale: data huhifadhiwa vipande vipande, na garbage collection, usafishaji wake, haigusi kipande mpaka kipite saa 24 na dakika 5 bila kutumika. Verify, ukaguzi wa nakala, ifanye kila wiki.

Umeme ukikatika usiku, bekapu inayofuata itachelewa. Haijaharibika. Ramani ya vipande vya diski vilivyobadilika tangu bekapu iliyopita inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine inayotembea; ikizimika inapotea, kwa hiyo diski yote inasomwa upya ingawa kinachotumwa ni kidogo tu. Mtumiaji wa bekapu mpe ruhusa ya DatastoreBackup, basi: anaweza kuweka na kurudisha, hawezi kufuta, hata kirusi kikiingia kwenye ile kubwa.

Nakala ya nje ya nyumba iko kwa shemeji. Ya kwanza tuliibeba kwa diski, maana GB 200 kwa laini ya Mbps 10 ni karibu saa 45 bila kupumzika. Sasa seva ya kwake ndiyo inayovuta usiku, ya kwetu haina nywila ya kule.

Ilibaki karatasi. Ufunguo wa Proxmox hauna nywila, kwa sababu kazi za usiku hujiendesha zenyewe. Anayeishika karatasi na nakala anasoma kila kitu, pamoja na nani anadaiwa kiasi gani. Mimi nilitaka ikae kwa shemeji. Mama watoto akakataa, kwamba hapo ndipo zilipo nakala, na deni la watu si la kusomwa na shemeji. Akaitia kwenye bahasha, akaipeleka kikundini, wakaifungia ndani ya sanduku la VICOBA. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na akina mama watatu, na hufunguliwa mkutanoni tu, mbele ya wote. Nikamuuliza, tukiibiwa Ijumaa?

"Alhamisi si mbali," akasema.