Rameau alianza opera akiwa na miaka 50

Wiki hii nipo na muziki wa Rameau tu, mtunzi wa Kifaransa wa zamani. Nikipika naye, nikifua naye, na zaidi narudia kipande kimoja cha Hippolyte et Aricie, opera yake ya kwanza.

Jean-Philippe Rameau alizaliwa Dijon, Ufaransa, mwaka 1683. Baba yake alikuwa mpiga kinanda kanisani, naye akashika kazi hiyohiyo, mji huu hadi ule, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1722 alichapisha kitabu kizito kuhusu upatanifu wa sauti, na watu wakamjua kama msomi. Opera yake ilipanda jukwaani Paris Oktoba 1733, akiwa na miaka 50. Hamsini! Mtunzi mkongwe Campra alisema muziki uliomo unatosha opera kumi. Wapenzi wa Lully, mtunzi wa opera aliyemtangulia, waliozoea mtindo wa zamani, hawakutaka hata kuusikia.

Kipande chenyewe ni hiki. Mfalme Theseus ameshuka kuzimu na sasa anaruhusiwa kutoka. Ndipo Parcae, miungu watatu wa kike wanaoshika uzi wa uhai wa binadamu, wanamtabiria kwamba anaondoka kuzimu na kuzimu nyingine inamngoja nyumbani kwake. Rameau aliwapa maneno hayo waimbaji watatu wa kiume. Muziki unateremka nusu sauti kwa nusu sauti, na kila ukishuka unahamia ufunguo usioutarajia. Sikio linatafuta pa kushika, halipati. Sisi wa kwaya tunaujua mtego huo: mmoja akiyumba kidogo, wote mmepotea. Waimbaji wa Opera ya Paris walishindwa, kipande kikaondolewa.

Linaniuma jambo hili. Mtu amengoja nusu karne, halafu sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, inakatwa kwa sababu hakuna wa kuiimba. Lakini hakurahisisha kalamu yake. Zikafuata opera nyingine: Les Indes galantes, Castor et Pollux, Platée.

Mwaka 1763, akikaribia miaka 80, mazoezi ya opera yake Les Boréades yalianza, kisha haikuonyeshwa. Alifariki Septemba 1764, na opera hiyo ikapanda jukwaani kikamilifu mwaka 1982, Aix-en-Provence. Humo mna muziki wa kuingia kwa Polymnie, mungu wa kike wa sanaa, wa taratibu, sauti zikipishana na kugongana kwa upole. Nausikiliza sasa, na sisikii uchovu wa mzee hata kidogo.