Lugalo nimepigwa mara nne

Kamwene. Mimi ni mtoto wa Iringa, na wiki hii nimepigwa Lugalo mara nne. Mtu wa huku akikwambia hivyo ujue kuna kitu hakiko sawa, maana aliyepigwa pale Lugalo anajulikana, ni Mjerumani, na mnara wa kumbukumbu yake upo mpaka leo.

Ni gemu. La mikakati, la mambo ya kale, jipya kabisa. Jina silitaji, walionalo watalijua kwa jinsi feni ya kompyuta inavyolia kama mashine ya kusaga. GB 60. Nimelipakua kwa bando la usiku, siku tatu, nimejifunika mablanketi mawili kwa sababu Julai ya hapa haina huruma. Siku ya nne nikalifungua, likaniambia nisubiri sasisho la GB 9. Nikasubiri. Maandishi nayo ni madogo kama ya kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, na hakuna mahali pa kuyakuza. Halafu likaja sasisho jingine, nikakuta mchezo wangu wa masaa 11 haufunguki, eti ulihifadhiwa kwa toleo la zamani. La zamani la juzi!

Hayo yote ningemeza. Kilichonikaba ni Uhehe, nchi yetu Wahehe.

Nilianza mwaka 1891. Kwanza ramani imewapaka Wahehe na Wasangu rangi moja, utadhani Merere, chifu wa Wasangu, na Mkwawa wetu, maadui wale, walikuwa wanakula sahani moja. Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, imetupwa mbali na Mto Ruaha Mdogo. Ngome ya Lipuli ya hapo Kalenga, hiyo hiyo ambayo timu yetu ya mpira imechukua jina, imechorwa kama zizi la ng'ombe la miti. Ule ukuta ulikuwa wa mawe, jamani. Wajerumani mwaka 1894 walikuja na mizinga ndipo wakaingia, Oktoba 30.

Sasa Lugalo. Agosti 17, 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule watu wa pwani waliyemwita Nyundo, alikuwa anapita na msafara wake umejinyoosha njiani, mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Wahehe wamelala vichakani na mikuki. Walipotoka, askari wengi hawakupata hata nafasi ya kujaza risasi, na Nyundo mwenyewe akauawa hapo hapo.

Kwenye gemu msafara huo ni kiboksi kimoja cha bluu. Kinatembea, kinafika Lugalo, kinasimama uwanda mweupe usio na hata kichaka, kinasubiri nikishambulie. Bunduki moja inahesabiwa sawa na mikuki mitatu. Nikipeleka watu wangu, namba nyekundu zinapanda upande wetu, ari inashuka, wanakimbia. Nikajaribu usiku. Nikajaribu mvua. Mara ya tatu nikajaza eneo zima mpaka chakula kikaisha, wakaanza kufa njaa kabla Mjerumani hajafika.

Mara ya nne mjomba alikuwepo. Ametoka Kalenga kuleta mahindi, akaketi kitandani na kikombe chake cha chai, akaangalia kimya muda mrefu.

"Mjomba, hawa watu wako wamejificha wapi?"

"Hakuna kujificha, mjomba. Mpaka nifanye utafiti wa mbinu za kijeshi, ngazi ya nne."

"Utafiti? Na unaisha lini?"

Nikabonyeza nimwonyeshe. Kwa kasi yangu, 1903. Mjomba akaweka kikombe chini. Mkwawa alijipiga risasi kule Mlambalasi Julai 19, 1898, na hilo mjomba hahitaji kitabu kumkumbusha. "Kwa hiyo wanamfundisha kuvizia akiwa marehemu," akasema, akaendelea na chai yake.

Nisiwe mnafiki, biashara wameitengeneza vizuri. Misafara ya pembe za ndovu inatoka bara kwenda Bagamoyo, ukiongeza ushuru inazunguka njia nyingine, bei pwani inabadilika. Jumamosi nzima nilikaa hapo nikasahau vita kabisa. Aliyeunda hiyo sehemu amesoma. Aliyeunda vita, sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Jana wametangaza kwamba kuvizia kwa majeshi ya Afrika kutakuja kwenye kifurushi cha nyongeza. Cha kulipia, kwa dola. Yaani nimuuzie mtu mahindi ya mjomba ili nipate ruhusa ya kujificha kichakani kwetu.

Usiku huu bando ninalo. Nataka nijaribu kuwaachia wafike mpaka Kalenga nione kama njaa itawashika wao badala ya sisi. Kama kuna aliyeivuka Lugalo akiwa upande wetu, aniambie kwenye maoni alifanyaje, na alikuwa na toleo gani.