Mlio wa Saa Mbili Asubuhi

Mara ya kwanza nilidhani ni simu. Saa mbili kamili asubuhi, nikiwa nafunga vifungo vya shati, nilisikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka, mfano wa gari la wagonjwa lililo mbali sana. Nikainua mto, nikafungua droo, nikaitazama simu. Kimya. Mlio ukakatika, nami nikaendelea na mambo yangu.

Kesho yake ukarudi, saa ileile. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alikuwa akisubiri nimfunge kamba za viatu. Nilipoinama akatega sikio, akalisogeza mpaka karibu na bega langu la kushoto.

"Baba, ni wewe unayelia."

Kifaa kilikuwa na miaka minne mwilini mwangu, chini ya mtulinga, kikiulinda moyo wangu usije ukaenda mbio za kuua; ukianza mbio hizo, kiupige shoti urudi kwenye mwendo wake. Kuhusu milio nilielezwa siku niliyowekewa, lakini siku ile mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kidonda. Nilichobaki nacho kichwani ni kwamba kikilia, betri imeanza kuchoka, na betri haiishi kwa siku moja. Sikuwa na maumivu wala kizunguzungu. Nikamwambia mke wangu kliniki yangu ni wiki ijayo, nitawaeleza hukohuko.

"Baba Neema, piga simu sasa hivi. Sitoki hapa mpaka upige."

Nikapiga. Sista aliyepokea aliuliza kama nimepigwa shoti, kama nimezimia, na kama mlio unakuja saa ileile kila siku. Kisha akasema, "Njoo leo. Na usiendeshe gari wewe."

Betri ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni waya unaotoka kwenye kifaa kuingia moyoni. Ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, uliokuwa ukicheza kwenye omu 450 miaka yote, ulikuwa umeruka kupita 3,000. Daktari alizima kwanza uwezo wa kupiga shoti, ndipo akaniambia, "Inua mkono wa kushoto, taratibu." Nikainua. Kwenye skrini mapigo yangu yalikuwa yakipita moja moja, yameachana vizuri. Ghafla katikati yao ikafumuka michirizi iliyosongamana, myeusi tii. Nikashusha mkono, ikatoweka. Mwilini sikuhisi kitu chochote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Hii siyo moyo," alisema. "Ni waya uliokatika kwa ndani. Umekuwa ukisagwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Kifaa kingeweza kudhani hizi kelele ni moyo unaokimbia, kikakupiga shoti ukiwa na fahamu zako zote. Tena siyo moja."

Nikakumbuka asubuhi ya jana yake, nilivyonyoosha mkono huohuo kushusha sanduku juu ya kabati, binti yangu akiwa amesimama chini yangu.

Hawakuniruhusu kurudi nyumbani. Kifaa kikiwa kimezimwa, sikuwa na mlinzi, kwa hiyo nililala wodini nimeunganishwa na mashine ya kufuatilia moyo, na kifaa cha kushtulia kikiwa hatua chache kutoka kitandani. Siku ya tatu wakaniwekea waya mpya. Upasuaji wenyewe ulipita salama. Nililazwa tena usiku mmoja, nikakatazwa kuinua mkono kupita bega kwa wiki kadhaa.

Kabla ya kuruhusiwa nilimwomba fundi wa kifaa atusikilizishe milio yote, na mke wangu na binti yangu wawepo. Akaweka kichwa cha mashine yake kifuani pangu, akabonyeza. Kwanza ukaja mlio mmoja, mrefu, usiobadilika. Halafu ule wa kupanda na kushuka. Binti yangu akanishika kidole.

Mke wangu akasema, "Rudia huo wa pili, tafadhali."