Kina mama wa Majengo kwenye somo la kinga

Nafundisha biolojia kidato cha tatu huku Eastlands, Nairobi, na tukifika kwenye kinga ya mwili kuna swali ambalo halikosi. Mwaka huu lililetwa na msichana wa Shauri Moyo. Kwao mafua yaliingia, wote wakapiga chafya siku mbili yakaisha, ila kaka yake akalazwa na kuwekewa oksijeni. "Mwalimu, si tunakula sufuria moja na kulala chumba kimoja?"

Sababu zaweza kuwa nyingi. Mojawapo ni urithi. Virusi vikiingia, seli hutoa intaferoni, protini zinazozitahadharisha seli jirani kabla mwili haujapata muda wa kutengeneza kingamwili. Isaacs na Lindenmann walizigundua London mwaka 1957. Kazi hiyo yote huendeshwa na jeni, na jeni hutofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni moja tu, TLR3, inayosaidia seli kuvitambua virusi. Virusi vya hapesi, hivi vinavyowatoa wengi wetu vidonda mdomoni, kwao vinaweza kufika ubongoni, ilhali maambukizi mengine mengi wanayamudu kama wenzao.

Mfano unaopendwa sana ni CCR5, jeni ya mlango ambao VVU huutumia kuingia kwenye seli: aliyerithi kwa baba na kwa mama nakala iliyopungukiwa herufi 32 za DNA huwa sugu kwa aina nyingi za VVU. Ni kweli. Lakini mabadiliko hayo ni ya watu wenye asili ya Ulaya, hapa kwetu karibu hayapo. Kumfundisha mtoto wa Nairobi hayo na kuiruka Majengo, hapo tu karibu na Gikomba, naona ni kumdhulumu.

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, waliojikimu kwa biashara ya ngono. Kati ya 424 waliosajiliwa hadi 1994 wakiwa hawana VVU, 239 waliambukizwa. Lakini 43 walipitisha miaka mitatu na zaidi bila kuambukizwa, na tofauti za mienendo yao hazikutosha kueleza hilo.

Mwaka 2007 ikachapishwa sehemu ya jibu: IRF1, protini inayowasha jeni za ulinzi. VVU vikishajipachika kwenye DNA ya seli, huitumia protini hiyohiyo kuwasha jeni zake, kama mwizi anayempokonya soja wa geti ufunguo. Baadhi ya wanawake wale walirithi aina za jeni hiyo zinazotoa IRF1 kidogo, kwa hiyo virusi hupata taabu kuanza kazi. Hapa mimi hukaa ubaoni muda mrefu, maana darasa zima huamini kinga nzuri ni kinga kali. Majengo ilionyesha kwamba seli zilizotulia nazo zaweza kumlinda mtu.

Nimekulia mitaa hiyo. Kina mama hao tuliwaita shangazi. Walitutuma sukari dukani, chenji tukanunulia mahamri. Mtaani walisemwa vibaya, na wapo waliodai wamekwenda kwa mganga. Wao wakaendelea kufika kliniki kutoa damu, miaka nenda miaka rudi, na maabara za dunia zikajifunza kutokana na damu hiyo. Nataka wanafunzi wangu walijue hilo kabla ya kujua jina la profesa yeyote.

Na sehemu ngumu siifichi. Baadhi ya waliohesabiwa kuwa sugu waliambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepunguza kazi au kupumzika kwa muda. Usugu wao haukuwa wa jeni peke yake. Kijana akiniuliza kama anaweza kupimwa jeni ajue yuko salama, namwambia hapana, kisha namwelekeza kliniki anakoweza kupata kondomu na PrEP, dawa za kumkinga na VVU asiyeambukizwa.