Chupa Zilizokwenda Bila Kurudi

Mkutano wangu wa kwanza na majirani wa chuo, nikiwa mkuu wa huduma kwa jamii na mahusiano ya nje, niliuandalia slaidi 22. Nilifika ya tatu. Mama mmoja mtu mzima aliinua mkono: "Mwanangu, wanafunzi wenu walichota maji kisimani kwangu mwaka juzi. Yanafaa au hayafai?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga kompyuta, na muda uliobaki nikaandika tu: kisima cha nani, walikuja lini, waliahidi nini.

Kulisaka jibu kulichukua wiki tatu. Kibali cha utafiti kilikuwepo na makala ilikwishachapishwa, majedwali yamepangwa vizuri. Ila visima vilipewa namba, K1 hadi K14, kulinda siri za wenyewe, na daftari la kuoanisha namba na majina alihitimu nalo mwanafunzi. Siri ilifichwa hata kwa mwenye kisima! Wala hapakuwa na hila. Bajeti ya mradi ilikuwa na fungu la kwenda kuchukua sampuli. La kurudisha majibu halikuwemo. Tangu hapo nilikataa kutia saini barua ya utambulisho wa mtafiti yeyote asiyeandika nani atarudisha majibu, lini, kwa lugha gani na kwa fungu lipi.

Daftari likapatikana, lakini fundi wa maabara akatuzuia kuyagawa majibu yale. Vijidudu vya kisimani hubadilika na mvua. Kipimo cha miaka miwili iliyopita hakimwambii mtu anywe au asinywe leo. Tukapima upya: chupa zilizotakaswa, kasha lenye barafu, maabara ndani ya saa 6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaki hata kijidudu kimoja cha E. coli, kinachoashiria kinyesi majini, katika mililita 100.

Majibu tuliyapeleka nyumba kwa nyumba, karatasi moja moja. Kumsomea mtu uchafu wa kisima chake mkutanoni ni kumwaibisha.

Cha yule mama kilikuwa na E. coli. Akaitazama karatasi. "Haya, sasa nifanyeje?"

Hilo hatukuliandika. Fundi akaigeuza karatasi, akaandika kwa kalamu: chemsha mpaka yatokote, funika kisima, ndoo ya kuchotea iwe moja, isiwekwe chini.