Ana cheo gani?

Kaka ameniuliza swali, nami nikamjibu kwa kile kikatuni cha uso unaocheka hadi machozi. Basi. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyekata simu, na mngesikia sauti yake mngesema ni utani wa kawaida wa kwetu Kibuyuni, pwani ya Kenya. Lakini tangu siku hiyo nimeosha vyombo na lile swali, nimeendesha gari nalo, na usiku nikigeukia ukutani nalikuta limeshalala upande huo.

Mnakumbuka niliwaambia nimehamishiwa jikoni pale akwaria, nyumba ya kutunzia viumbe vya baharini huku California, jiko la wanyama, si la mkahawa wa wageni. Basi asubuhi ile trei ya fisi maji, wale wanyama wa baharini wenye manyoya mazito, ilinipendeza, nikaipiga picha. Ngisi wamesafishwa na kukatwa pete, kamba wamelazwa safu, kome wametolewa magambani, na kila fungu limepimwa na kuandikwa gramu zake kwa kalamu ya wino mzito. Nikamtumia kaka, kwa sababu katika ukoo wetu yeye ndiye anayemjua ngisi safi kwa kumtazama tu. Chini nikaandika: "Cha fisi maji wetu, mlo wa asubuhi peke yake."

Ikaja sauti. Nyuma injini ya mashua inakohoa na kijana mmoja anapiga kelele kuhusu kamba ya nanga.

"Dada, hebu niulize. Huyo mnyama ana cheo gani?"

Akacheka. Kisha, "Haya, wasalimie watoto," ikaishia hapo.

Kilichoniudhi mwanzo ni ile "hebu niulize". Kaka yangu haombi ruhusa ya kuuliza. Ukimsikia anaanza hivyo ujue hukumu keshaiandika, anatafuta pa kuibandika. Ndivyo alivyomwanza baba watoto siku ya posa, mbele ya wazee: "Bwana, hebu niulize, hivyo viatu ni vyako?" Na vilikuwa vyake, maskini.

Jioni ile nikaanza kumjibu kichwani. Jibu la kwanza lilikuwa la hesabu. Kaka, huyu si sili wala nyangumi, hana tabaka la mafuta chini ya ngozi. Maji ya pwani hii ya California ni baridi ya kuuma mifupa, na kinga yake ni manyoya tu, nywele zaidi ya laki moja katika sentimita moja ya mraba, pamoja na moto wa tumbo. Moto huo hauwaki bure. Kila siku anakula kama robo ya uzito wake, kwa hiyo jike la kilo 20 linataka kilo 5 za vitu vya baharini, leo, kesho na Idi. Na hatuwezi kumpa kilichochacha, kwa sababu akiugua tumbo siku mbili tu mwili unapoa.

Jibu zuri. Tatizo namsikia kaka kabla sijamaliza: "Na mimi nikila robo ya uzito wangu, nani atalipa?"

Na hapo ndipo panapochoma kweli, nisijidanganye. Ngisi wa namna ile yeye akimpata hamfikishi nyumbani. Anamalizana na mchuuzi palepale ufukweni, mchuuzi anampeleka kwenye hoteli za Diani, na nyumbani kunapikwa kilichobaki. Mimi namkata pete namwekea mnyama. Hakusema hivyo. Alisema cheo. Lakini mtu aliyezaliwa na mwenzake tumbo moja haelezwi.

Jibu la pili, la katikati ya wiki, lilikuwa la historia, na hili nililitunga nikiwa foleni ya petroli. Kuanzia miaka ya 1740 watu waliwaua hawa kwa ajili ya manyoya yao, kutoka Urusi hadi huku chini, mpaka mkataba wa kuwalinda uliposainiwa 1911 hapakuwa na cha maana cha kulinda. Hapa California watu walidhani wamekwisha kabisa, hadi 1938 lilipoonekana kundi la kama 50 huko Big Sur, karibu na daraja la Bixby. Hawa wote tulio nao sasa, takriban 3,000, ni kizazi cha waliobaki pale. Kwa hiyo, kaka, mtoto mmoja akitupwa na mawimbi ufukweni si jambo la kupita ukaenda zako. Hili nalo namsikia analijibu, na siliandiki hapa kwa kuwa shangazi husoma.

(Ijumaa niliapishwa uraia, ndiyo, picha ziko kwenye kundi la familia. Na binti kapata leseni ya udereva, kwa hiyo mniombee.)

Nirudi kwa mtoto wa fisi maji. Ni yule yule niliyewaandikia baada ya dhoruba, aliyeokotwa analia kwa sauti kali kuliko mwili wake. Mama akizama kutafuta chakula humwacha mtoto juu ya maji, na mtoto hazami hata akitaka, manyoya yake ya utotoni yamejaa hewa, anaelea kama boya. Kukiwa shwari mama anaibuka anamkuta. Kukichafuka, boya linakwenda na maji.

Siku za mwanzo analishwa mchana na usiku uji wa ngisi na chaza waliosagwa pamoja na maziwa na vitamini. Anayemlisha huvaa koti jeusi pana lisiloonyesha umbo la mtu, na usoni kinyago cha mchomea vyuma. Haongei. Mtoto hapewi jina, ana namba. Mimi sijamgusa hata siku moja. Namwona kwenye skrini iliyo ukutani jikoni, namwona anasuguliwa manyoya kwa taulo hadi yasimame, na yeye anajinyosha kidole kimoja kimoja. Mikono ya jikoni inajua gramu zake tu.

Zamani hawakufanya hivi. Wenzetu wa Monterey, ambao akwaria yao ilifunguliwa 1984, walikuwa wakiingia baharini na watoto hawa, wanaogelea nao, wanawafundisha kuzamia na kupasua magamba. Watoto walijifunza, lakini walipoachiwa waliendelea kuwafuata watu na mitumbwi yao, wakijua ndiyo kwao. Mambo yakabadilika 2001 kwa jike mmoja waliyemwita Toola. Alikuwa ameokotwa akipata kifafa kutokana na kile kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha paka, kinachosombwa na mvua hadi baharini. Alizaa mtoto mfu, na siku zile zile kukaletwa yatima. Wakamwekea. Akamchukua. Toola hakuweza kurudi baharini kwa sababu ya dawa zake za kila siku, akalea wengine na wengine mpaka alipokufa 2012. Tangu huyo Toola kazi ya kufundisha ikawa ya majike wenyewe, na mtu akarudi nyuma ya koti jeusi, na nyuma zaidi yake, mimi na mizani yangu.

Haya, Alhamisi mtoto alikutanishwa na mama mlezi.

Nilikuwa na visu mkononi, na wenzangu wawili wamesimama mbele ya skrini wamenizibia. Nikawasogeza. Jike alikuwa chali, kaa kifuani, jiwe pembeni, hana habari na mtu. Mtoto anazunguka mbali, anapiga kelele. Jike anageuza kaa, anavunja gando, anatafuna, anajiviringisha majini kuosha makombo kifuani, anarudi chali. Mtoto anasogea. Anasogea tena. Halafu, jamani, akampandia kifuani, akanyoosha mikono yake miwili na kuuvuta mguu wa kaa kutoka mdomoni mwa mwenyewe. Mdomoni! Jike akamtazama. Akaachia.

"Kaa wangu huyo!" nilipiga kelele kwa Kiswahili, jiko zima likageuka. Kaa yule nilimchagua mwenyewe asubuhi kwenye pipa, mzima, magando yote mawili, maana wakifikia hatua hii hawapewi tena vilivyomenywa. Wanapewa na magamba yao ili mtoto aone jiwe linafanya kazi gani. Kwa dakika kadhaa sikukumbuka swali la mtu. Nilitaka tu kumwona akitafuna, na alitafuna vibaya mno, nusu ikamtoka, lakini alitafuna.

Atakaa na yule jike miezi, kisha wenye mamlaka wakiridhika ataachiwa, pengine kule kwenye hori la Elkhorn Slough ambako wengi waliolelewa hivi wamepelekwa. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi maji katika hori lile, kwa miaka 15 hivi, lilitokana na hawa yatima na uzao wao. Na kaa wa pale, waliokuwa wakitafuna mizizi ya majani hadi kingo zinamomonyoka, wakapata wa kuwala. Kaka anazijua kingo zinazomomonyoka. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa! Nikawasha simu nimrekodie, nikakuta wifi amenitangulia na sauti yake.

Wifi, mnamjua, yuko kwenye mwani na kina mama wenzake, na sauti zake zote huwa na upepo. Alikuwa amesikia habari nusu. Nikampigia kabisa. Nikamweleza kwamba huku kuna mwani mrefu kupita mnazi unaoota kutoka sakafuni mwa bahari, na adui wake ni wale wanyama wa duara wenye miiba, wanaokata mashina chini. Fisi maji anawala wale wenye miiba, na mwani unapona. Nikasema kwa madaha, nikijua nimempata mtu wa fani.

Wifi akanyamaza kidogo. "Anakula tafi?"

"Tafi?"

"Tafi, wifi. Tafi ndio wanatumaliza huku. Wanakuja kundi zima, wanatafuna kamba nzima ya mwani unabaki na vigingi."

Nikamwambia hapana, samaki wa mbio hawafuati sana, huyu ni wa magamba na kaa.

"Basi huyo hatufai," akasema, na wenzake nyuma wakaangua kicheko, nikasikia mmoja anasema wamrudishe kwao. Nami nikacheka hadi nikakaa chini kwenye ngazi ya zima moto. Utaalamu wangu wote wa wiki nzima umeangushwa na tafi.

Kabla ya kukata akasema, kwa sauti ya kumaliza mazungumzo: "Kaka yako anauliza, yule mtoto alipokelewa?"

"Ameuliza lini?"

"Tangu juzi anauliza. Mimi nilidhani mmeongea."

Nikamwambia alipokelewa, mwambie alipokonya kaa. Akasema atamwambia akirudi baharini, kama atarudi na kitu. Sijamrekodia lile jibu la kingo. Liko tu, na nimeanza kuona lina maneno mengi.

Sasa nisaidieni kwa hili jingine. Mwenye nyumba amebandika karatasi mlangoni kwamba mafundi watakuja kukagua mabomba Jumanne, kila chumba, mwenyewe awepo asiwepo. Mimi Jumanne nina zamu. Na bafuni kwangu yuko paka wa jirani wa chini, aliyekwenda kumuuguza mama yake Sacramento, pamoja na sanduku lake la mchanga. Mkataba unasema hakuna mnyama. Binti anasema amfunike na taulo amtembeze kwa gari mpaka waondoke. Leseni yenyewe haijamaliza wiki.