Sufuria Moja ya Kamba, Kome na Viazi kwa Gharama Ndogo

Wengi hutumbukiza pesa yote kwenye kamba na kaa, kisha viazi na mahindi, ambavyo ni nusu ya chakula chenyewe, vinatoka chapwa. Mara nyingi tatizo si uchache wa viungo. Ukali wa pilipili na sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukimwaga viungo kwenye maji yanayotokota, jiko zima linanukia, lakini kilichopanda na mvuke ndicho ulichotaka kibaki kwenye sufuria.

Kwa watu wanne chukua kamba wenye vichwa gramu 800, kome kilo 1, viazi vidogo kilo 1, mahindi mabichi 3 uyakate vipande vitatu vitatu, vitunguu maji 2, vitunguu saumu vichwa 2, malimau 2 na siagi isiyo na chumvi gramu 120. Badala ya kome unaweza kuweka kaa wawili wa wastani. Ukiweka kome na kaa pamoja, basi neno unafuu tulisahau. Soseji ya moshi, gramu 250 hivi, inajaza sahani na kuongeza ladha, ila si lazima. Sufuria iwe ya lita 8 au zaidi.

Kamba wenye vichwa huonekana rahisi, ila kumbuka kichwa huchukua zaidi ya theluthi ya uzito. Wanalipa hapa kwa sababu hicho kichwa hakitupwi. Wa kugandishwa huvikwa ganda la barafu, kwa hiyo soma uzito halisi kwenye pakiti, usihesabu na maji. Ukiona fosfati imeandikwa kwenye viambato, ujue wamenyweshwa maji, na watasinyaa wakikutana na moto. Kaa mbichi anunuliwe akiwa hai. Aliyekufa huharibika upesi sana, hata kama bei yake inashawishi.

Ng'oa vichwa vya kamba, kisha pasua ganda mgongoni kwa mkasi na utoe mshipa mweusi. Ganda libaki, maana hulinda nyama isikauke. Kaanga vichwa kwa vijiko 3 vya mafuta, moto wa wastani, dakika 5 au 6, huku ukiviponda kwa mwiko mpaka mafuta yageuke rangi ya chungwa. Tia paprika vijiko 2 vya chakula, giligilani na haradali zilizotwangwa kijiko 1 kila moja, pilipili manga na pilipili kali ya unga kijiko cha chai kimoja kimoja, na karafuu 4. Koroga nusu dakika tu. Paprika ikiungua huwa chungu, na uchungu huo hauondoki; hapo ni kumwaga na kuanza upya. Mimina maji lita 4, weka vitunguu maji vilivyokatwa na kichwa kimoja cha saumu kilichopasuliwa katikati, funika, chemsha moto mdogo dakika 20, kisha chuja.

Sasa chumvi, mahali ambapo watu huogopa bure. Kwa lita 4 weka gramu 90, yaani vijiko 5 vya chakula vya chumvi laini, pungufu kijiko kimoja ukitumia soseji. Ukionja, iwe imezidi kiasi cha kunyweka kama supu, kwa kuwa ganda la kamba na ngozi ya kiazi huruhusu kidogo tu kupita.

Viazi viingie peke yao, dakika 12 hadi 15, mpaka kisu kipenye kwa shida kidogo. Limau lisubiri. Asidi huchelewesha kiazi kulainika, na aliyelitia mwanzoni hukaa akishangaa viazi vigumu baada ya nusu saa. Viazi vikifika hapo, kamulia limau moja, tia mahindi na soseji, chemsha dakika 5, zima moto, funika na uache dakika 20. Usiifupishe hatua hii: viazi na mahindi hunywa ladha vikiwa vimetulia kwenye supu, na kuendelea kuvichemsha kungevivunja tu. Wako wanaoloweka kila kitu pamoja, kamba wakiwemo, kwa kupoza sufuria na barafu. Inawezekana, ila kwenye sufuria ndogo ya nyumbani ni rahisi kupitiliza.

Opoa viazi, mahindi na soseji. Rudisha supu kwenye moto mkali. Kaa mbichi aliyekatwa nusu anahitaji dakika 8. Aliyekwisha kupikwa na kugandishwa, dakika 4 au 5 za kumpasha. Kome wasuguliwe na kung'olewa nyuzi. Aliyevunjika, au aliye wazi asiyejifunga ukimgonga, tupa. Wapike dakika 4 mpaka wafunguke, uwaopoe, na asiyefunguka tupa pia. Kamba ndio wa mwisho, dakika 2 hadi 3. Akijikunja kama herufi C ameiva. Akifunga kama O, umeshachelewa na nyama imekuwa mpira.

Kwenye sufuria nyingine yeyusha siagi, kaanga saumu iliyobaki, iliyokatwakatwa, dakika 2 bila kubadilika rangi. Tia nusu kikombe cha supu, paprika kijiko cha chai na limau la pili, uchape mpaka viungane. Usiongeze chumvi, supu imeshaileta. Rudisha kila kitu humo, pindua pindua dakika moja, upakue.

Supu iliyobaki usimwage. Ichanganye na maji kiasi sawa upikie wali, au igandishe. Kamba waliobaki waingie kwenye friji ndani ya muda wa saa mbili baada ya kupikwa, na kesho waliwe baridi, maana wakipashwa tena hukakamaa.